Turudi Belgrave tukale mchuzi

Kuna tabia imeenea sana miongoni mwetu tunaoishi Uingereza, na nasikia hata Dar es Salaam na Nairobi imeshika. Watu hula hotelini mara moja, hupiga picha ya sahani, huipa hoteli nyota kwenye simu, halafu hawaonekani tena. Wiki inayofuata wako hoteli nyingine. Naandika kuipinga tabia hiyo, na sababu yangu ni meza moja mjini Leicester ambako kundi letu la Waswahili limerudi majuzi kula mchuzi.

Ninaposema Waswahili nina maana ya watu wanaokutanishwa na Kiswahili kuliko kitu kingine chochote. Yupo mwenzangu wa Tanga, wapo Wakenya, yupo Mganda aliyekulia Jinja, yupo mama mmoja wa Bukavu na mume wake, na wapo vijana wetu waliozaliwa hukuhuku ambao Kiswahili wanakisikia vizuri lakini wanajibu kwa Kiingereza. Leicester inalifaa kundi la namna hii. Ukishuka Belgrave Road, barabara inayojulikana kama Maili ya Dhahabu, yenye maduka mengi ya vito, unapita maduka ya sari na ya peremende za Kihindi, na kwenye meza za wauza mboga unakuta muhogo, bamia, ndizi za kupika na mabilinganya madogo ambayo duka kubwa la Kiingereza halijawahi kuyasikia. Hoteli ninayoisema iko kwenye mtaa wa pembeni, nyuma ya barabara hiyo. Ina meza chache na jiko linaloonekana kupitia tundu la ukutani.

Mara ya kwanza tulikula kigeni. Kila mtu alifungua menyu akachagua jina analolijua: huyu tikka masala, yule biriani, mwingine korma kwa kuogopa pilipili. Kila mmoja na sahani yake, kila mmoja na bili yake. Chakula kilikuwa kizuri na hakuna aliyelalamika. Lakini kama mtu angetuuliza njiani wakati wa kurudi nyumbani ile hoteli ni ya nani, na jiko lake linajua kupika nini hasa, hakuna kati yetu ambaye angejibu.

Safari hii mambo yalibadilika kabla hata hatujafika. Mama wa Bukavu alipopiga simu kutaka meza, aliuliza kama wana muhogo, na kwa mazoea neno likamtoka kwa Kiswahili. Upande wa pili mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa Kiswahili vilevile: "Muhogo upo, mama. Na kuku wa kupaka mnataka? Huyo hayumo kwenye menyu. Lazima niambiwe leo, nimwandae." Tulipoingia alikuwa amesimama mlangoni kutusubiri. "Siku ile mlipokuja niliwasikia mkizungumza," akatuambia. "Niliona haya kuwakatiza. Nikasema moyoni, wakirudi nitawasalimia." Vijana wetu wakamwamkia shikamoo bila kusukumwa na mtu, na mke wake akaitikia marahaba kutoka jikoni kabla yeye hajafungua mdomo.

Mzee alizaliwa Jinja. Mke wake ni wa Mwanza. Agosti 1972, Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia wenye pasi za Kiingereza waondoke Uganda ndani ya siku 90, mzee alikuwa kijana anayemsaidia baba yake dukani. Familia iliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi na nguo za kwenye mabegi. Uingereza ilipokea zaidi ya watu 27,000 katika miezi ile michache, na si kwamba ilikuwa na hamu nao. Halmashauri ya Leicester yenyewe ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus mwezi Septemba mwaka huo kuwashauri wasije katika mji huu, kwa maelezo kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa. Wengi walikuja hivyo hivyo, kwa sababu ndugu zao waliotoka Kenya tangu miaka ya 1960 walikuwa wameshatangulia, na mtu aliyefukuzwa kwao hukimbilia mahali alipo ndugu.

Walianzia viwandani, kwenye soksi, fulana na mashine za chapa. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters hapa Leicester, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, waligoma karibu miezi mitatu wakidai kutendewa sawa na wenzao Wazungu. Mke wa mzee, mama mwenye jiko, anaikumbuka miaka hiyo kwa jambo jingine: mchana alishona nguo kiwandani, usiku akakaanga bajia na sambusa nyumbani, na asubuhi akazibeba kwenye kikapu kuwauzia wenzake. Biashara ya chakula kwa watu hawa ilianza hivyo, kwa sufuria ya nyumbani na wateja waliorudi kila siku kwa sababu walikuwa wakikutana naye kwenye mashine ileile.

Hoteli nyingi zinazoitwa za Kihindi nchini Uingereza ni za watu wa Bangladesh, hasa wa Sylhet, ambao watangulizi wao waliingia kama mabaharia na wachochea makaa kwenye meli. Wao ndio walioieneza menyu ambayo kila Mwingereza anaikariri, kuanzia korma ya upole hadi vindaloo ya kutoa jasho. Watu wa Afrika Mashariki waliongeza menyu yao pembeni. Familia iliyokuwa na hoteli iitwayo Brilliant huko Nairobi iliifungua upya Southall, London, mwaka 1975. Mwaka uliofuata bajia za viazi za Maru, zilizokuwa zimepata jina Nairobi, zikaanza kukaangwa Wembley, na hapa Belgrave Road ikafunguliwa Bobby's, hoteli ya vyakula visivyo na nyama, ambayo bado ipo. Ukizifuatilia hoteli hizi unakuta ramani ya Uganda, Kenya na Tanganyika imekunjwa ndani ya menyu: muhogo wa kukaanga, mishikaki, mahindi kwenye tui la nazi, matoke. Mtu aliyekuja moja kwa moja kutoka Gujarat hawezi kukupikia vitu hivyo, na wa Sylhet pia hawezi.

Muhogo ulitutangulia mezani. Ulikuwa umechemshwa kwanza, ukakatwa vipande virefu, ukakaangwa hadi ukashika ganda, kisha ukarushwa karaini pamoja na kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Zikafuata bajia za mtindo wa Nairobi, kiazi kimekatwa chembamba na kuchovywa kwenye unga wa dengu uliochanganywa na majani ya giligilani, na kando yake chatini ya ukwaju. Watoto walimaliza sahani mbili kabla wakubwa hatujapangusa vidole. Halafu akaja kuku wa kupaka. Alikuwa amechomwa kwanza kwenye makaa mpaka ngozi ikapata weusi, kisha akalazwa kwenye tui zito lenye bizari, tangawizi, saumu na ndimu, na mayai ya kuchemsha yamekatwa nusu juu yake. Hakukuwa na sahani ya mtu. Sinia ililetwa katikati, na mkate wa naan ukawa unamegwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Mwenzangu wa Tanga alionja, akatafakari, akasema ndimu ni ya kwao kabisa lakini bizari nyembamba imezidi. Mgeni wa siku ya kwanza hathubutu kusema hivyo, na akisema anaonekana hana adabu. Mama mwenye jiko alitoka, akavuta kiti, akakaa nasi kujibu. Alieleza kwamba pwani tui ni la bure, nazi ziko uani, lakini Mwanza nazi zilikuwa zikifika kwa treni, chache na ghali, kwa hiyo mama yake alizoea tui jepesi na kulipa nguvu kwa bizari. Yeye alijifunza hivyo na hatabadilika. Wakabishana kwa furaha juu ya lini tui la kwanza litiwe na lini la pili, na mimi nikaona kwamba tumeingia ndani ya hoteli ile kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo Mganda wetu alipouliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimkaa moyoni siku nyingi. "Mama, nyumbani kwenu, kabla hamjaja huku, nani alikuwa anapika?"

Hakukwepa. Alisema mama yake alikuwa akipima bizari na kuonja chumvi, lakini aliyekuwa anapika ni mpishi wao, Msukuma, aliyekaa na familia miaka mingi na kulala kwenye chumba cha uani. Akalitaja jina lake lote, jina la ubatizo na la babu. Ni yeye, akasema, aliyemfundisha kuukaanga muhogo baada ya kuuchemsha, maana yeye alikuwa mtoto akicheza miguuni pake jikoni. Mume wake akaongeza kwamba Jinja kwao ilikuwa vivyo hivyo, mpishi alikuwa Msoga, na kwamba siku walipoondoka funguo za nyumba walimwachia yeye.

Nataka niseme wazi ninavyoliona jambo hili, kwa sababu watu wengi huliandika upande mmoja tu. Kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda kulikuwa dhuluma, na watoto waliozaliwa Jinja na Mbale walipokonywa nchi ambayo hawakuwa na nyingine. Pia ni kweli kwamba kabla ya siku hiyo Mwafrika alipika chakula ambacho hakuruhusiwa kukaa kukila mezani, katika mji uliogawanywa na serikali ya kikoloni kwa rangi za ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kweli hizi mbili zilikaa pamoja kwenye sinia ile ya kuku. Sijui mahali pengine popote hapa Leicester ambapo Mganda na Mhindi wa Jinja wangeweza kuzizungumza bila mmoja kuinuka. Mkutano wa hadhara ungeleta hotuba. Makumbusho yangeweka picha ukutani. Hotelini, mbele ya chakula ambacho wote wawili walikijua tangu utotoni, swali liliulizwa na likajibiwa, na jina la mpishi wa Kisukuma likatamkwa mjini Leicester zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mganda wetu alimwomba mama alirudie jina hilo. Akaliandika.

Ndiyo maana nasema kurudi kuna thamani. Hakuna nyota za kwenye simu zinazoweza kuonyesha jambo kama hili. Anayeenda mara moja anapima chumvi, kasi ya mhudumu na usafi wa choo, na hayo ni mambo ya maana, lakini hoteli ya mtaani ya namna hii ina vitu ambavyo havimo kwenye menyu na havitolewi kwa mpita njia. Mzee alituambia mwenyewe kwamba kuku wa kupaka alimtoa kwenye menyu miaka mingi iliyopita, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza kwa nini si mwekundu kama tikka masala. Sasa anampika kwa wanaomjua, wakimwomba.

Na kuna upande wa fedha, ambao walaji wengi hatuufikirii. Jiko la mchuzi huanza kazi asubuhi. Magunia ya vitunguu humenywa na kuchemshwa na tangawizi, saumu, nyanya na mafuta, kisha husagwa kuwa mchuzi wa msingi ambao wakati wa usiku mpishi huuchota na kuugeuza kuwa vyakula mbalimbali ndani ya dakika chache. Nyama na kuku hupikwa nusu mapema, tanuri ya naan huwashwa saa nyingi kabla ya mteja wa kwanza. Gharama hiyo yote inatumika waje watu 5 au waje 50. Ijumaa na Jumamosi hujaa. Jumanne hoteli huwa tupu, na gesi inawaka vilevile. Juu ya kila sahani anayouza kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Kampuni za kupeleka chakula majumbani kwa pikipiki nazo hukata sehemu kubwa ya bei, kiasi kwamba mzee anaona afadhali meza moja ya watu 10 wanaokaa na kula kuliko oda nyingi za kwenye simu.

Hoteli kushindwa kwa kukosa wateja wanaorudi si jambo jipya. Hoteli ya kwanza ya Kihindi London iliyomilikiwa na Mhindi ilifunguliwa na Sake Dean Mahomed mwaka 1810, na miaka miwili baadaye alikuwa amefilisika. Alikuwa na mito ya kukalia, hooka za kuvutia na mchuzi aliojivunia, na watu walikwenda kuangalia. Lakini matajiri waliorudi kutoka Bara Hindi, ambao alitegemea wawe wateja wake wa kudumu, walikuwa na wapishi wao majumbani. Waliomshangaa hawakutosha kulipa kodi ya nyumba.

Wapishi nao wanazeeka. Watoto wa wenye hoteli hizi walisomeshwa kwa pesa za mchuzi mpaka wakawa wafamasia, wahasibu na madaktari, na hakuna mzazi anayejuta kwa hilo. Kumleta mpishi kutoka nje ni jambo ambalo hoteli ndogo haiwezi. Kwa hiyo mzee na mkewe wanaendelea wenyewe, na kila mwaka wanaulizana kama waendelee mwingine. Wateja wanaorudi ndio wanaofanya jibu liwe ndiyo.

Kundi lina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Mtu mmoja akirudi anaokoa sahani moja. Kundi likirudi linajaza Jumanne, linaagiza chakula kinachohitaji maandalizi ya siku nzima, linampa mpishi sababu ya kununua nazi. Lakini kundi pia laweza kumuumiza mwenye hoteli kuliko mtu mmoja, na hapa nawasema wenzangu Waswahili bila kuwaficha. Tunaomba meza ya watu 12, tunakuja 7, tena saa nzima baada ya muda, na hatupigi simu. Nyama imeshatolewa, meza imezuiliwa, wateja wengine wamerudishwa mlangoni. Ukisema saa moja usiku, fika saa moja. Mmoja wenu akikwama, pigeni simu. Bili igawanyeni ninyi wenyewe kabla mhudumu hajaja, asisimame na mashine akipokea kadi moja moja huku meza nyingine zikimsubiri. Na bakshishi muiache: tangu Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote, kwa hiyo hakuna kisingizio kwamba inaishia kwa bosi.

Wapo watakaosema kwamba kula mahali palepale ni kujinyima, na mji una mapishi ya dunia nzima. Nawaelewa. Mimi mwenyewe napenda kuonja kitu kipya, na sisemi mtu aache. Ninachosema ni kwamba miongoni mwa hoteli zote unazozijaribu, moja iwe yako, na uitendee hivyo. Ijue ratiba yake. Jua siku anayopumzika mpishi. Waambie kilichopungua, wakiwa peke yao, kabla hujaiambia dunia nzima kwenye simu. Peleka watoto wakiwa wadogo, ili wakue wakijua kwamba chakula kina wenyewe, na kwamba wenyewe wana habari za kueleza.

Huko nyumbani pia hoteli hizi zipo, na hali yake haitofautiani sana. Katikati ya Dar es Salaam, mitaa ya Kisutu na Upanga, na kwenye mitaa ya zamani ya Mombasa na Kampala, kuna vijihoteli vya Wagujarati na Wapunjabi ambavyo wazazi wetu walivijua kwa kababu, kachori na mchuzi wa dengu. Ukipita leo unaona jengo limevunjwa na ghorofa linapanda. Msomaji uliyeko huko una nafasi ambayo sisi wa Leicester hatuna: unaweza kwenda leo jioni kwa miguu.

Mzee na mke wake wametuambia kwamba mkataba wa upangaji wa hoteli unaisha mwakani na hawajaamua kama watausaini tena. Sisi tumeshaweka meza ya Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, na kuku wa kupaka ameshaagizwa. Mganda wetu ameahidi kuja na mama yake mzazi, ambaye alizaliwa mtaa mmoja na mzee huko Jinja. Ukiwa Leicester au karibu, na unakisikia Kiswahili, njoo ukae nasi. Ukiwa mbali, itafute hoteli uliyokula ukaipenda kisha ukaisahau, wakusanye watu wako, na upige simu kabla wiki haijaisha.